Mikoba 12 ya Halloween kwa vinaili ya pasi: nikate kwa mkono, nipeleke kwa fundi wa stika, au nifuate njia nyingine?

MamaAmani_Tabata

Habari zenu, wanajukwaa. Mwanangu na wenzake 11 wamealikwa kwenye sherehe ya Halloween itakayofanyika Msasani jioni ya tarehe 31 Oktoba, na mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe na bila kulazimishwa na mtu, nilijitolea kutengeneza mikoba ya kukusanyia pipi. Kila mkoba ninataka uwe na boga lenye sura ya kucheka, chini yake maneno "Pipi au Vituko", kisha jina la mtoto. Nimeamua kutumia vinaili ya pasi, yaani ile stika ya nguo yenye gundi inayoshika kwa joto, kwa kuwa nimeiona kwenye fulana za michezo ikidumu kwa miaka.

Njia ninazozifikiria ni kununua mashine ndogo ya kukatia, kukata mwenyewe kwa mkasi na kisu, kumpelekea fundi wa stika mchoro akate kisha nibandike nyumbani kwa pasi, au kuchapishiwa picha kamili kwenye filamu. Kwa upande wa mikoba, nimeona mifuko mbadala myeusi inauzwa kwa dazeni Kariakoo kwa bei nafuu sana, lakini pia ninaweza kushonesha ya kitambaa. Nina pasi ya kawaida, meza imara, na wiki tatu. Ninaomba wenye uzoefu wanilinganishie.

FundiStika_Gerezani

Dada, pole na hongera kwa kujitolea. Kabla hujachagua mashine, chagua mfuko, kwa sababu hapo ndipo wateja wangu wengi wanapoharibikiwa. Mifuko mbadala iliyotapakaa masokoni tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 inaonekana kama kitambaa, lakini haikufumwa. Ni nyuzi za plastiki iitwayo polipropilini zilizogandishwa pamoja kwa joto. Plastiki hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi za Selsiasi, na huanza kulegea na kujikunja kabla ya hapo. Vinaili ya kawaida inataka nyuzi 150 kwa sekunde 10 hadi 15, na ile yenye chengachenga za kumetameta inataka karibu 160. Utaona mwenyewe kwamba joto linaloshikisha boga ndilo joto linaloua mfuko. Zipo vinaili za joto la chini, zinazoshika chini ya nyuzi 130, lakini hizo zinahitaji mashine yenye kipimo cha kuaminika. Ukizijaribu kwa pasi ya nyumbani unacheza bahati nasibu.

Kwa hiyo mfuko uwe wa pamba. Usikubali neno la muuzaji peke yake: chomoa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti. Pamba huungua ikanuka kama karatasi na kuacha jivu laini, ilhali uzi wa plastiki huyeyuka ukaacha kidonge kigumu.

Kuhusu kukata, mashine ndogo za nyumbani kama Cricut na Silhouette Cameo ni nzuri, na mimi mwenyewe nilianza na mojawapo, ila kwa mikoba 12 haitarudisha fedha yake isipokuwa kama unafikiria kuifanya biashara. Kwa fundi mwenye plota ya kukatia, yaani mashine kubwa inayokata stika ikiongozwa na kompyuta, kazi yako ni ya muda mfupi. Chukulia boga la upana wa sentimita 16 na kimo cha sentimita 14. Roli ya vinaili yenye upana wa sentimita 50 inabeba maboga matatu kwa upana, hivyo safu nne zinakupa 12 ndani ya kipande cha sentimita 60 tu. Maneno ya "Pipi au Vituko", yakiwa na kimo cha sentimita 4, yanaongeza sentimita 20 hivi. Unalipia pungufu ya mita moja ya vinaili pamoja na ufundi.

Jambo la mwisho ni rangi. Ukichukua kitambaa cheusi, vinaili ya rangi ya chungwa peke yake inatosha, kwa kuwa macho na meno ya boga yanakatwa yawe matundu na weusi wa kitambaa unajaza wenyewe. Ukichukua kitambaa cheupe, utahitaji tabaka la pili jeusi, na tabaka mbili kwa pasi ya mkono ni mtihani: la chini likikaa motoni muda mrefu hujikunyata, na la juu haliwezi kukaa sawasawa tena. Na ikiwa utashawishika na vinaili ya kumetameta, ifanye iwe ya juu kabisa, kwa sababu juu ya chengachenga zile hakuna kinachoshika.

BiMkubwa_Cherehani

Fundi amesema kweli kuhusu pamba, nami ninaongeza la cherehani. Mwanangu, usinunue mkoba uliokwisha kushonwa. Mkoba ulioshonwa una mishono pembeni, pindo juu na mikanda, na vyote hivyo vinainua pasi isiguse kitambaa sawasawa, ndiyo maana watu hulalamika kwamba stika imeshika katikati na kubanduka pembeni. Kata vipande, bandika picha kipande kikiwa kimelala mezani kama karatasi, halafu ndipo ushone. Ikiwa mkoba umeshashonwa na huna jinsi, ingiza ndani yake taulo lililokunjwa au ubao uliofunikwa kitambaa, ili sehemu ya picha iinuke na mishono ining'inie pembeni.

Kwa weusi ninakushauri kaniki. Vijana wa siku hizi wakisikia kaniki wanafikiria ngoma na waganga, lakini ni pamba, haina ghali, na kwa sherehe ya mizimu sidhani kama kuna nguo inayostahili zaidi. Ubaya wake ni mwepesi na hutoa rangi, kwa hiyo ifue mara mbili au tatu mpaka maji yatoke meupe, kisha uiwekee bitana ya marekani ndani ili pipi zisiivute. Kama mnavyojua, marekani ile pamba nyeupe ilipata jina lake kwa sababu ililetwa Unguja na merikebu za wafanyabiashara wa Marekani karne ya 19, kwa hiyo sherehe ya Kimarekani kuingia ndani ya mkoba wa marekani ni mgeni kufikia kwao. Nayo ifue kabla ya kukata, kwa kuwa ikiwa mpya imejaa wanga wa kiwandani, na pamba isiyofuliwa hurudi. Picha ikibandikwa kwanza kisha kitambaa kikarudi, vinaili hairudi pamoja nacho. Itabaki na mikunjo kama uso wa bibi yenu huyu. Usitie dawa ya kulainishia nguo katika maji hayo ya kufulia, maana mafuta yake huizuia gundi.

Kwa mtoto, mkoba wa sentimita 30 kwa 33 unatosha. Kata vipande vya 33 kwa 39: sentimita moja na nusu kila upande ni ya mshono, na juu nne na nusu ni za pindo. Mikoba 12 ni vipande 24. Kitambaa chenye upana wa sentimita 115 kinakaa vipande vitatu kwa upana, hivyo unahitaji mita 3 na sentimita 12. Nunua mita tatu na nusu kwa sababu ya kurudi, na mikanda uipate kwenye mabaki ya marekani. Boga lianze sentimita tano chini ya mstari wa pindo, wala usilipime kwa kugawanya kipande katikati, kwa maana pindo likishakunjwa katikati yake inahama.

Mimi binafsi ningeacha vinaili kabisa nikashona boga la kitenge cha rangi ya chungwa kwa zigizaga. Halibanduki hata likifuliwa kila wiki. Ila kwa mikoba 12 mgongo wangu hautaki tena.

MkonoMtupu_Mbezi

Ninaomba nitetee mkono, kwa kuwa mwaka jana nilikata vinaili ya mikoba sita bila mashine yoyote, na haikuwa adhabu kama watu wanavyodhani. Umbo la boga ni rafiki wa mkasi: mviringo mkubwa, macho ya pembetatu, meno ya mraba. Unaiweka vinaili ikiwa imelala kifudifudi, yaani upande wake wa gundi usiong'aa uwe juu na ile nailoni inayong'aa, yaani plastiki angavu inayoibeba vinaili, iwe chini, unachora kwa penseli upande huo wa gundi, halafu unapitisha kisu chenye ncha kwa mkono mwepesi ili kikate vinaili bila kutoboa nailoni. Mabaki ya macho na meno unayang'oa kwa ncha ya sindano. Siri ni kubadilisha wembe mapema, kwa sababu wembe butu hauikati vinaili bali huiburuza, na hapo ndipo kona zinapochanika.

Maneno ndiyo yaliyonishinda. Herufi ya kimo cha sentimita tatu ina matundu madogo yanayochosha macho, na kufika mkoba wa nne mwandiko wangu ulikuwa umeanza kulala upande. Ikiwa utakata kwa mkono, kata maboga, na maneno umwachie mwenye plota. Vinginevyo kata herufi nene zisizo na mapambo.

Mpemba_wa_Ilala

Nimesoma kimya kimya nikisubiri atakayependekeza popo, nashukuru hajatokea. Baki na boga, dada. Sisi tuliokuwa Pemba mwaka 1995, enzi za hofu ya popobawa, yule jini wa mbawa za popo, hatuwezi kulala nyumba moja na mkoba wa namna hiyo hata kama umejaa pipi.

Mwalimu_wa_Sanaa

Ninaona njia ya filamu haijatendewa haki, nami huitumia darasani. Katika njia hiyo picha huchapwa kwa wino juu ya filamu, hunyunyiziwa unga wa gundi, huokwa kidogo, kisha hugandamizwa kwenye kitambaa kwa joto linalokaribiana na lile la vinaili. Faida yake ni kwamba hakuna mabaki ya kung'oa na rangi zote zinatoka kwa pamoja, hata boga lenye kivuli na mwanga wa mshumaa ndani. Kama mchoro wako ungekuwa na rangi tano, ningekuambia usahau vinaili. Lakini boga la rangi moja juu ya kitambaa cheusi ni kazi ambayo vinaili inaifanya kwa ukali wa kingo na uzito wa rangi ambao filamu inaufikia tu ikiwa mchapaji ni makini na wino wake mweupe wa chini. Uchapaji wa skrini nao uachieni watu wa fulana mia. Na asikudanganye mtu na uchapaji wa wino wa mvuke, ule wa vikombe, kwa kuwa unataka poliesta yenye rangi nyeupe. Juu ya kaniki hautaonekana hata kidogo.

Pendekezo langu ni dogo lakini ninaomba ulizingatie. Mwisho wa Oktoba jua la Dar es Salaam linazama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni, na watoto watakuwa wakivuka kutoka geti moja hadi jingine kwenye mitaa ambayo mingine haina njia ya waenda kwa miguu, wakiwa wamebeba mikoba myeusi. Mwombe fundi akukatie majina kwa vinaili inayorudisha mwanga, ile ya fulana za bodaboda, ili taa ya gari ikiwapiga waonekane. Ile inayowaka gizani yenyewe inapendeza machoni, lakini lazima kwanza ilishwe mwanga na nguvu yake hufifia mapema. Kwa usalama hailingani na hiyo.

Kuhusu boga lenyewe, watoto wakikuuliza, waambie kwamba huko Ireland sherehe hii ilikotoka walichonga tanipu, aina ya mzizi mnene kama kabichi changa, na ni wahamiaji waliofika Amerika waliokuta boga ni kubwa na rahisi kulichonga. Jina lenyewe linatokana na mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, ambayo Wakristo wengi wa hapa wataiadhimisha kesho yake, tarehe 1 Novemba.

MamaAmani_Tabata

Ninawashukuru sana. Nimenunua kaniki na marekani, nimezifua, na uzi wa kaniki nimeuchoma kama nilivyoelekezwa ukaacha jivu. Maboga na maneno nitampelekea mwenye plota. Majina nitakata mwenyewe kwenye kipande cha vinaili inayorudisha mwanga, kwa kuwa ni machache na ninataka mkono wangu uwepo mahali fulani. Swali langu ni la pasi: yangu ni ya mvuke, nayo haina namba za joto ila vitone kimoja, viwili na vitatu. Nifanyeje?

FundiStika_Gerezani

Kitone kimoja ni hadi nyuzi 110, viwili ni hadi 150, vitatu ni hadi 200. Weka kidogo juu ya vitone viwili, wala usifike vitatu. Mvuke uzime na maji yamwagwe yote, kwa sababu unyevu ni adui wa gundi hii. Kwa hali ya hewa yetu, hata kitambaa kinachoonekana kikavu kimebeba unyevu, kwa hiyo kipige pasi sekunde 10 kabla ya kuweka vinaili. Matundu ya mvuke chini ya pasi yako nayo ni tatizo, maana pale penye tundu hapagandamizwi. Ukibandika mara ya kwanza, inua pasi, isogeze sentimita mbili, ugandamize tena. Kama jirani yako ana pasi nzito kavu ya zamani isiyo na tundu hata moja, kamwazime. Kwa kazi hii inaishinda pasi mpya ya bei mbaya.

Fanyia kazi hiyo juu ya meza yako imara, usitumie ubao wa kupigia pasi, kwani una sponji na unabonyea. Tandika kitambaa kikavu cha pamba, weka kaniki, kisha vinaili ikiwa nailoni inayong'aa iko juu, kisha karatasi ya kuokea. Gandamiza kwa uzito wa mwili, sekunde 15 hadi 20 kila sehemu, bila kuburuza. Muulize muuzaji kama nailoni yake inabanduliwa ingali ya moto au ikishapoa, kwa sababu aina zinatofautiana, na ukiona kona inanyanyuka pamoja na nailoni usivute. Irudishe chini ya pasi. Baada ya hapo mkoba usiguse maji kwa saa 24, na ukifuliwa ugeuzwe ndani nje, kwa maji ya baridi, bila dawa ya madoa.

Ukiniuliza tofauti kati ya pasi na mashine ya kugandamizia, ni hii: mashine inatoa joto na mgandamizo uleule kona zote kwa mara moja, pasi inakutegemea wewe. Mashine ya wati 1,400 ikiwaka robo saa haifiki nusu uniti ya umeme, hivyo fundi akikutoza fedha nyingi kwa kugandamiza vipande 12, umeme si sababu.

MamaAmani_Tabata

Ninaleta taarifa. Maboga 12 na maneno 12 yamekaa, na nimeyavuta kwa kucha mpaka nikaona aibu, hakuna kilichonyanyuka. Pasi kavu niliipata kwa jirani.

Kwenye majina nimefanya kituko. Nilichora upande wa gundi kama MkonoMtupu alivyoeleza, lakini niliandika kama ninavyoandika siku zote, kutoka kushoto kwenda kulia, nikasahau kwamba upande ule ndio unaolala juu ya kitambaa na kwamba msomaji anauona mgongo wake. Nikaanza na jina la mwanangu. Nilipobandua nailoni, "AMANI" likasomeka "INAMA", na N yenyewe imegeuka. Mtoto ameliona, amelisoma kwa sauti, na tangu jana kila ninapopita sebuleni ananiamrisha niiname. Mengine 11 nimeyachora upya yakiwa yamegeuzwa. Hili moja ninaliondoaje bila kuharibu boga lililo juu yake?

MkonoMtupu_Mbezi

Ninaomba radhi, dada, kosa ni langu. Niliandika kuhusu kuchora nikiwaza boga, ambalo kushoto na kulia kwake ni sawa, nikasahau kutaja kugeuza kwenye herufi.

FundiStika_Gerezani

Waweza kulipasha kwa pasi kutoka nyuma ya kitambaa na kulibandua lingali la moto kwa kibano, herufi moja moja, lakini gundi itaacha kivuli, na joto hilo likifika kwenye maneno yaliyo juu yatalegea nayo. Sikushauri.

BiMkubwa_Cherehani

Usiling'oe. Lifunike. Kipande hakijashonwa bado, si ndiyo? Basi kata kitenge sentimita 14 kwa 12, kunja pindo pande zote, ushone pande tatu juu ya jina hilo iwe mfuko mdogo wa nje, juu uache wazi atie tochi yake. Jina sahihi libandike kwenye kitenge hicho kabla hujakishona, na safari hii lisome kwanza kwenye kioo. Kama kitenge huna, mabaki yapo hapa kwangu Mwananyamala. Njoo nacho kipande chako kabla ya tarehe 29, maana baada ya hapo nina sare za harusi.